Uholanzi wanaachana na gesi, na sisi Tanga je?

Dada yangu yuko Uholanzi, kaniambia manispaa imeshawaita mkutano, mtaa wao gesi ya bomba itatolewa. Mi nikashangaa, maana huku Ngamiani ndo kwanza tunahimizana kuacha mkaa tuhamie mtungi! Kumbe wenzetu gesi ndo inawapashia nyumba wakati wa baridi, na kuichimba kule Groningen, mkoa wa kaskazini mwa nchi yao, kumeleta matetemeko, la 2012 lilifika ukubwa wa 3.6 kwa kipimo cha matetemeko, kuta za watu zikapasuka, mpaka 2024 wakayafunga yale machimbo kisheria. Nyumba mpya toka Julai 2018 haziunganishiwi gesi, na lengo ni zote ziache ikifika 2050. Badala yake kuna mabomba ya maji ya moto ya mtaa mzima, au pampu ya joto, yaani kama friji iliyogeuzwa, inavuta joto la nje inaliingiza ndani, ila kuta na madirisha vizibwe vizuri kwanza.

Nilichopenda mimi, manispaa inaenda mtaa kwa mtaa. Serikali yetu inataka 80% tupikie nishati safi ifikapo 2034, sawa kabisa, basi madiwani na wao waje watuulize, mama ntilie wa barabara ya 12 anayenunua mkaa wa kopo kila asubuhi, hela ya kujaza mtungi kwa mkupuo ataitoa wapi?