Nilivyopata meza ya kushonea mifarishi kwa bei ya dawati kuukuu

Sindano ya nne ilikatika usiku uleule, kipande kikaruka na kugonga miwani yangu. Nikazima cherehani, nikabaki nikiutazama mfarishi: mita mbili kwa mbili na ushei, viraka vyote vimeshaunganishwa, pamba imeshalazwa katikati, kitambaa cha chini kiko mahali pake, tabaka zote tatu zimepigwa bandi. Kilichobaki kilikuwa kupitisha mishono ya kuzishikiza. Kwa mfarishi mdogo wa mtoto niliwahi kuimaliza kazi hiyo kwa jioni mbili. Huu ulikuwa umenila wiki mbili na sijafika hata robo.

Nilikuwa nimeshalaumu kila kitu. Nililaumu uzi, nikanunua mwingine. Nililaumu mkazo wa uzi, nikazungusha ile gurudumu ndogo ya mkazo mpaka nikasahau ilianzia wapi. Nikapanda kutoka sindano namba 80 hadi 90. Mishono ikaendelea na ukaidi wake: hapa imebanana kama meno ya kitana, pale imerefuka kama ya kubandia.

Usiku huo niliinuka, nikazunguka upande wa pili wa meza, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kazi yangu kutoka pembeni. Cherehani ilikuwa imesimama juu ya meza ya chakula kama kisiwa. Upande mmoja wa mfarishi uko mapajani mwangu, na sehemu nyingine yote inaning'inia kushoto na nyuma. Nikaupeleka kwenye mizani ya bafuni: kilo mbili na nusu. Sasa fikiria yale meno madogo chini ya sindano. Kazi yao ni kusogeza kitambaa mbele milimita mbili tatu kwa kila mshono, na huku kilo nzima au zaidi inakivuta kuelekea sakafuni. Sindano ikishuka ndani ya kitambaa kinachovutwa, inapinda kidogo, ncha inagonga bamba la chuma, na miwani yangu inapata alama.

Kabla ya kutumia hata senti nilifanya jaribio ambalo ningemshauri kila mtu alifanye kwanza. Nilipima kimo cha cherehani kutoka mezani hadi pale sindano inapochoma: sentimita 8. Nikakusanya vitabu, nikavipanga kushoto na nyuma ya cherehani hadi vikafika kimo hichohicho, nikatandaza kitambaa cha meza cha plastiki juu yake ili mfarishi uteleze. Nikashona mistari mitatu. Uzi uleule, sindano ileile, na mishono ikatoka sawasawa kana kwamba imepimwa kwa rula. Nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo nilijua ninachotafuta: uso mpana ulio usawa mmoja na cherehani, wenye nafasi kushoto na nyuma. Kulia hakuna haja kubwa, maana pale kuna gurudumu la mkono na shina la cherehani lenyewe.

Kabati za kushonea zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii ni nzuri, sitadanganya. Zina kinyanyuzi chenye ngazi tatu: cherehani juu kabisa kwa kushonea mikono ya nguo, usawa wa meza kwa mifarishi, na chini kabisa ili ufunike kifuniko na wageni wasijue kuna cherehani. Ile niliyoipenda ilikuwa karibu mara mbili ya bei niliyonunulia cherehani yenyewe. Kulikuwa pia na meza nyepesi za kukunja, zenye tundu lililokwisha kukatwa, za bei ya chini sana. Nilipoegemea moja kwa viwiko ikatikisika kama mti wa mpapai. Cherehani inayokimbia hutikisa meza, na meza inayotikisika huirudisha tikisiko hiyo kwenye mshono. Halafu nikasoma maandishi madogo: kipande cha kuziba pengo kati ya tundu na cherehani kinauzwa kando, kwa kuagiza, kulingana na aina ya cherehani yako. Ukijumlisha, ule unafuu unayeyuka.

Kosa langu kubwa lilifuata hapo. Niliona meza ya zamani ya cherehani ya kukanyaga, miguu ya chuma iliyosukwa kama maua, mbao nzito, bei ya kutupa. Niliipenda kwa macho nikasahau futi kamba. Nilipoifikisha nyumbani nikagundua kwamba tundu lake limetengenezwa kwa vichwa vya zamani vya chuma (kichwa ni cherehani yenyewe bila meza) ambavyo vitako vyake ni takriban sentimita 37 kwa 18, vinavyoshikwa kwa bawaba nyuma ili ukilaze kichwa kizima kinapohitaji mafuta. Cherehani yangu ya umeme ina umbo jingine kabisa, na haina mahali pa kuingiza bawaba hizo. Ningeweza kupanua tundu, lakini roho ilinikataa kukata kitu kilichodumu miaka yote hiyo. Nikaiuza kwa mtu mwenye kichwa kinachoifaa, nikala hasara ndogo, na tangu siku hiyo futi kamba inalala ndani ya mkoba wangu.

Wakati natafuta, nilishona kwa mtindo wa muda ambao kwa mtu aliyepanga chumba au asiyetaka kukata mbao unaweza kuwa ndio wa kudumu. Nilichukua mabamba ya povu jeupe gumu, lile la kufungia friji na televisheni au la kuzuia joto ukutani. Bamba la sentimita 5 na la sentimita 3 yakibandikwa pamoja yanatoa sentimita 8 kamili. Nikachora umbo la cherehani, nikakata kwa kisu chenye makali mapya (kisu butu hukuachia theluji chumba kizima), nikazungushia kingo utepe wa gundi wa kufungia maboksi, nikafunika na plastiki. Gharama yake ni kama ya paketi chache za sindano. Upungufu wake ni kimo. Meza ya chakula ina sentimita 75 hivi, ukiongeza 8 mikono inashonea kwenye 83, na mabega yanapanda hadi masikioni. Nilipandisha kiti, miguu ikaning'inia, nikaweka boksi chini ya kanyagio. Nikawa nashona kama mpiga kinanda aliyeketi juu ya ngazi. Upande wa kushoto niliongeza ubao wa kupigia pasi, ambao unapanda na kushuka, na huo hadi leo nautumia mfarishi ukiwa mkubwa sana.

Dawati nilikuja kulipata kwa watu waliokuwa wanahama ofisi. Sentimita 150 kwa 75, kimo 74, miguu ya chuma, uso wa mbao za unga (chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) uliofunikwa fomeka, lile ganda gumu laini. Kona moja imebanduka, droo moja haina ufunguo. Hakuna aliyeligombania. Mimi niliona vitu vitatu: ni zito, halitikisiki, na fomeka inateleza yenyewe bila kupakwa chochote.

Kulikata nilimwachia fundi seremala, mzee wa watu ambaye aliitazama fomeka, akanitazama mimi.

"Mama, una hakika? Tundu halishonwi viraka."

"Nina hakika, Fundi."

"Basi leta kadibodi."

Kadibodi hiyo ndiyo iliyotuokoa. Nilikata umbo la kitako cha cherehani, nikaongeza milimita 4 kila upande, na upande wa kulia nikaacha nafasi ya vidole kuzungusha gurudumu la mkono na pengo la waya wa umeme. Tukaiweka juu ya dawati, nikaketi, nikajifanya nashona. Mara ya kwanza niliiweka karibu mno na ukingo wa mbele, viwiko vikawa hewani. Tukairudisha nyuma hadi sindano ikawa sentimita 25 kutoka ukingoni, na tukaisogeza kulia ili kushoto kubaki uwanja. Kisha fundi akainama chini ya dawati na kukuta mhimili wa chuma unapita palepale tulipochora. Tukasogea tena sentimita 6. Angekata kabla ya kuchungulia, hadithi hii ingekuwa fupi na ya huzuni.

Alinifundisha jambo nisilolijua: meno ya msumeno mdogo wa umeme hukata yakipanda, kwa hiyo uso unaobanjuka ni ule wa juu. Akalipindua dawati, akachora kwa chini, akabandika utepe wa gundi juu ya mstari, akatoboa pembe nne, ndipo akakata polepole kwa wembe wa meno madogo. Fomeka ilibanduka mahali pamoja tu, kama ukucha. Kingo za ndani nilizipiga msasa mwenyewe, maana uzi hupenda kunasa pale ambapo kidole hakihisi kitu, kisha nikazipaka vanishi mara mbili. Mbao za unga zikinywa maji huvimba na hazirudi.

Chini ya tundu tulitundika rafu ya plaiwudi ya milimita 18 kwa bolti ndefu nne zinazopenya dawati zima. Nilikuwa nimewaza skrubu, fundi akakataa katakata: mbao za unga hazishiki skrubu kwa muda mrefu, na cherehani ya kilo saba inayotikisika kila siku si mzigo wa kuuwekea bahati nasibu. Uzuri wa bolti ni kwamba nati zake zinapanda na kushuka. Nilizungusha moja moja huku nimelaza rula juu ya cherehani na dawati, mpaka rula ikapita bila kugonga popote. Chini ya rafu zinabaki kama sentimita 64 kutoka sakafuni, magoti yangu yanaingia vizuri.

Siku ya kwanza dawati lilivuma kama ngoma. Rafu ya plaiwudi iliyoning'inia ni ngoma kweli, ukifikiri. Nikakata mpira wa gari la mkono uliokwisha kazi, nikaulaza chini ya cherehani, ukimya ukarudi. Lile pengo la milimita 4 lilinimezea pini mbili na kitufe kimoja ndani ya dakika kumi, nikaliziba kwa vipande vya jalada gumu la plastiki la faili, nimevibandika kwa utepe wa gundi. Si kitu cha kupigia picha.

Bobini ya cherehani yangu, kile kigurudumu cha uzi wa chini, huingilia juu, kwa hiyo sihangaiki. Mwenye cherehani ambayo bobini yake huingilia mbele lazima aache nafasi ya mkono mbele ya cherehani, na aizibe kwa kipande cha kuondosha. La sivyo atakuwa anainua cherehani nzima kila uzi wa chini ukiisha, na huisha katikati ya mstari siku zote.

Nimelisukuma dawati hadi kwenye kona, ukuta nyuma na ukuta kushoto. Mfarishi ukifika ukutani unajikunja juu ya meza badala ya kuanguka. Nafikiri kona hiyo, ambayo haikunigharimu chochote, inanisaidia nusu ya kazi ya dawati. Mfarishi ule wa sindano nne niliumaliza kwa siku tano, sindano moja tu, nayo niliibadilisha kwa sababu ilikuwa imechakaa. Vitabu vimerudi rafuni, povu amelichukua wifi yangu.

Kabati ile ya kinyanyuzi bado ninaiwaza ninapotaka kushona mkono wa shati, maana cherehani ikiwa imezama mezani huwezi kuuvisha mkono wa nguo. Naitoa, naiweka juu ya dawati, nashona, nairudisha. Kilo saba kwenda, kilo saba kurudi. Na kona ni giza. Taa niliyoweka inamulika mgongo wa mkono wangu wa kulia na kuiacha sindano kivulini, kwa hiyo wiki hii natafuta taa ya kubandika ukutani kushoto, na futi kamba iko mkobani.