Nilivyoongea na wauguzi mpaka nikapona

Kidole tumbo changu kilikuwa kimeshatoboka nilipofikishwa hospitalini, kwa hiyo hata baada ya upasuaji sikuruhusiwa haraka. Daktari nilimwona asubuhi anapopita wodini, dakika chache tu. Saa zote zilizobaki, mchana na usiku, nilikuwa mikononi mwa wauguzi. Dawa zilinisaidia sana, lakini kilichonivusha ni maneno tuliyokuwa tukiambizana, mimi na wao.

Aliyenifungua macho ni muuguzi wa zamu ya usiku. Wenzake walipita wakiuliza naendeleaje, nami nikawajibu vizuri, kama wajibuvyo wagonjwa wengi. Yeye jibu hilo halikumtosha. Akavuta kiti. "Mama, kati ya sifuri na kumi, maumivu yamefika ngapi?" Nikamwambia matano. "Na ukikohoa?" Hapo nikasema tisa.

Akanieleza kwamba namba ya pili ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mgonjwa anayeogopa kukohoa hupumua juu juu, makohozi yakabaki mapafuni, na nimonia ikapata nafasi. Anayeogopa kutembea damu yake inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge hilo likichomoka likafika kwenye mapafu, linaua. Kumbe dawa ya maumivu hupewi ili ulale tu, unapewa ili uweze kupumua, kukohoa na kusimama. Akaniomba nisisubiri maumivu yapande mpaka juu ndipo niite, kwa sababu yakishapanda huchukua muda kuyashusha.

Dawa ilipoanza kufanya kazi akaukunja mto, akauweka juu ya mshono, akaweka mikono yangu miwili juu yake na yake juu ya yangu. "Vuta pumzi taratibu. Ishikilie. Itoe. Haya, kohoa." Niliumia, lakini tumbo halikuachia kama nilivyohofia. Kesho yake alinifundisha kuamka: ugeuke ubavu kwanza, uteremshe miguu, ujisukume kwa mkono, kisha ukae ukingoni mwa kitanda kidogo, maana presha hushuka ghafla kwa aliyelala muda mrefu na wengi huangukia hapo. Tangu hapo kila aliyeingia zamu nilimpa namba mbili, ya kulala na ya kukohoa, bila kuulizwa.

Si wote walikuwa hivyo. Mmoja alikuja kubadilisha bandeji, pazia likiwa wazi na wageni wa kitanda cha pili wakitazama, akabandua plasta bila kusema neno. Maumivu yenyewe yalikuwa ya muda mfupi, ila aibu ilinikaa. Aliporudi safari iliyofuata nilimwambia, "Sista, naomba unifungie pazia, na uniambie kabla hujaanza kubandua." Akafunga, akaanza kunitajia kila hatua. Najua alikuwa na vitanda vingi na mwenzake mmoja tu, na nilimhurumia. Bado naamini kumwambia mgonjwa "sasa nabandua, itauma kidogo" hakumcheleweshi mtu, na kunaondoa hofu kuliko wengi wanavyodhani. Mwili ukijua kinachokuja, haujikazi.

Jambo jingine lililonisumbua ni kunong'ona. Zamu zikibadilika, wauguzi wawili walisimama miguuni mwa kitanda changu na faili, wakazungumza chini chini, nami nikabaki nikisoma nyuso zao. Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliandika mwaka 1859 kwamba kunong'ona chumbani mwa mgonjwa ni ukatili, kwa sababu mgonjwa hujikaza asikie hata bila kutaka. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nikawaomba wanapokabidhiana waseme nisikie. Walikubali, na faida ikaonekana haraka: mmoja akasoma kwamba kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, haina shida, nikamwambia mkono unawaka moto tangu usiku. Akafunua bandeji. Palikuwa pamevimba, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kiwiko. Kanula ikatolewa palepale, nikawekewa nyingine mkono wa pili.

Nilipoanza kulala vizuri na kwenda chooni mwenyewe, mambo yalikwenda haraka. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aliyenipa karatasi hakuniuliza kama nimeelewa. Alisema, "Hebu niambie wewe, ukiwa nyumbani ukiona nini utarudi?" Nikataja homa, usaha, mshono kuachia. Akaniongezea wekundu unaosambaa kuzunguka kidonda na tumbo kuvimba na kuwa gumu, akanirudisha mwanzo mpaka nikayasema yote mfululizo. Akaandika namba ya simu ya wodi nyuma ya ile karatasi.

Nikiwa nyumbani kipimajoto kilivuka 38, na pembeni mwa mshono ngozi ikawa nyekundu na moto. Sikungoja kliniki. Nilipiga simu wodini, nikamtajia aliyepokea joto langu, namba zangu mbili na mahali wekundu ulipofika. Akaniambia nije jioni ileile. Usaha ulikuwa umeanza kukusanyika chini ya ngozi tu, wakaufungulia njia, wakaniandikia dawa, nikarudi kulala kitandani kwangu.