Siku yangu moja: mke wa mwanajeshi na cherehani yake, Lubumbashi, Kongo

Saa kumi na moja alfajiri

Tarumbeta la kambi halijalia, mimi niko bombani na madumu yangu. Maji yanatoka kwa saa chache tu, na anayechelewa anakuta mstari umeshafika ukutani. Mstarini hapo ndipo habari za kambi zinapogawiwa: nani karudi usiku, lori gani limeonekana likipakia, mke wa nani amehamia Kolwezi na kuacha deni la bunga, yaani unga, dukani. Mimi nasikiliza kuliko ninavyosema. Mume wangu ni ajida, cheo cha jeshi, na neno la mke wa ajida likitoka bombani saa kumi na moja, saa mbili limeshafika kwa komanda, tena limeongezwa chumvi.

Nikirudi nawasha mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa, na makala yakianza kushika ndipo naangalia simu. Sitafuti ujumbe. Natafuta ile saa mume wangu aliyoonekana mara ya mwisho kwenye WhatsApp. Leo inasema saa tisa na dakika chache usiku. Basi, inatosha: ana chaji, ana mtandao, alikuwa zamu. Mimi siandiki kwanza. Tulikubaliana yeye ndiye atakayeanza siku zote, maana simu inayolia mahali pasipofaa inaweza kumponza mtu. Na msomaji usiniulize yuko wapi. Yuko Kivu, mashariki ya nchi, na Kivu ni kubwa.

Saa moja

Chai, mkate, kelele. Ni wiki ya mwisho ya likizo, shule zinafungua Jumatatu, na watoto wangu wamesahau kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa kuamka mapema. Binti mkubwa anaingia mwaka wa sita, mwaka wa mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, kwa hiyo anatembea ndani ya nyumba kama waziri aliyeteuliwa juzi. Huyo tunalipa ada. Wadogo wako shule ya msingi ya serikali, ambayo tangu 2019 ni ya bure, ingawa daftari, viatu na sare havijui habari ya bure.

Saa mbili

Nafungua kibanda. Kiko ng'ambo ya barabara, karibu na lango la kambi, mabati manne na meza moja. Cherehani yangu ni Butterfly ya kukanyaga kwa miguu. Wenzangu wenye za umeme walinicheka niliponunua, lakini mwezi huu, umeme unapoondoka asubuhi na kurudi usiku wa manane, wao ndio wanaoniletea kazi zao nimalizie.

Mwisho wa Agosti ni msimu wa buluu na nyeupe. Nchi nzima watoto wanavaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, na Lubumbashi wakati huu haijaona mvua kwa miezi, kwa hiyo vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno. Shati jeupe ninalikata nikiwa nimenawa, ninalishona, ninalifunga kwenye plastiki papo hapo. Mzazi akitaka kulishika aone mshono, namwonyesha ndoo ya maji kwanza. Wengine wanakasirika. Wakasirike.

Katikati ya sare za watoto huja sare nyingine.

Kijana mmoja anasimama mlangoni, koti mkononi. "Yambo, mama."

"Yambo sana, mwanangu. Kadi?"

Anacheka, anatoa kadi yake ya utumishi. Sishoni nguo ya jeshi kwa mtu asiye na kadi, hata akiwa mpwa wa nani. Sare kwenye mwili wa mwizi ni silaha, na sitaki sindano yangu iwe na mkono ndani yake.

Anataka jina lishonwe kifuani na bendera irudishwe begani, imeachia upande mmoja. Kitambaa kile ni kizito. Sindano ya kawaida inapinda, kwa hiyo naweka namba 16 na uzi wa nailoni. Kona za bendera ndizo zinazoachia, kwa sababu mkanda wa bunduki unapita palepale kila siku na kuzisugua. Kwa hiyo kona nazirudia mara tatu, halafu nakata uzi kwa meno, tabia mbaya ambayo mama yangu alishindwa kuniondolea. Kisha anasema, sauti imeshuka kidogo: "Mama, na mifuko. Uishone mara mbili yote. Na kwenye magoti uweke kitambaa ndani."

Hapo najua. Mtu anayebaki mjini haombi magoti yaongezwe kitambaa. Sikuuliza anakwenda wapi, naye hakusema. Nilimshonea na mfuko mdogo wa ndani, upande wa kushoto, usioonekana kwa nje, unaotosha picha moja na noti zilizokunjwa. Huo silipishi. Mume wangu anao kama huo, na najua kilichomo ndani yake kwa sababu mimi ndiye niliyekiweka.

Watu wanadhani mke wa mwanajeshi anapata habari kutoka kwa mumewe. Mume hasemi kitu! Mimi habari zangu napata kwenye mishono. Wiki mifuko ikianza kuletwa kwa wingi, najua kikosi kinaondoka kabla hata wake zao hawajaambiwa. Na wiki suruali zikiletwa kupunguzwa kiunoni, najua kuna waliorudi.

Saa tano

Anakuja Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, jirani yangu, na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Nguo naziweka pembeni. Kwa huyu siku yote ingeweza kusimama.

Mumewe alifia mashariki. Msiba tulilia hapa, tukakaa matanga, tukachanga, na baada ya hapo ukaanza msiba wa pili ambao hauna wimbo: faili. Ili mjane na yatima wapate haki zao wanaombwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi inayoonyesha familia ina watu wangapi. Mama Mapasa aliolewa kweli. Mimi nilikuwepo. Mahari ilitolewa, mbuzi, vitenge, pesa ya wajomba, wazee wa pande mbili walikunywa wakacheka. Lakini kwenda kwa ofisa wa serikali kuandikisha ndoa hiyo, walisema watakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao kikosi kikaondoka.

Sheria ya Familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inaitambua ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe. Ndivyo ilivyo, na mezani kwa karani machozi hayaandikishi kitu. Mbuzi wa mahari hapigwi muhuri.

Watoto nao. Mtoto akizaliwa, wazazi wana siku 90 za kumwandikisha. Zikipita, njia inapitia mahakamani, unatafuta hukumu ndipo upate cheti. Mapacha walizaliwa baba akiwa operesheni, mama akangoja baba arudi asaini, siku 90 zikapita bila mtu kuzihesabu. Sasa kila karatasi inaita karatasi nyingine, na kila ofisi ina nauli yake.

Tunapanga pamoja juu ya meza ya kukatia nguo. Zilizopo huku, zinazokosekana kule. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo: mahakama kwanza, halafu hali ya kiraia, ofisi inayoandikisha ndoa na vizazi, halafu mashahidi wawili wa ndoa, mimi nikiwa wa kwanza. Yeye ananyoosha kila karatasi kwa kiganja, taratibu, mikunjo yote, hata ile risiti ya duka la dawa isiyo na kazi yoyote kwenye faili. Ina jina la mumewe. Sikumwambia aitoe.

Nyumba za kambi ni za askari walio kazini. Hakuna aliyemfukuza mpaka leo, na ninaamini wakubwa wengi wana huruma kuliko wanavyosemwa, lakini yeye analala akijua yuko kwenye nyumba ya mtu mwingine ambaye hajafika tu. Ndiyo maana kila msichana wa mtaa huu anayekuja nimshonee nguo ya harusi na mchumba wake ni soda, yaani askari, namuuliza swali moja kabla ya kumpima kiuno: ofisini mnakwenda siku gani? Wananiita mama wa makaratasi. Karatasi zangu mwenyewe ziko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya plastiki, plastiki ndani ya debe la bunga lenye kifuniko. Moto, mvua, panya, uhamisho wa ghafla: ziko tayari.

Saa saba na nusu

Bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, samaki mmoja wa tomson tumemgawana. Meka ya bunga, kile kipimo cha sokoni, imepanda bei tena. Sehemu kubwa ya mahindi yetu inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na mpaka ukisumbuka siku mbili tu, sufuria zetu zinajua. Muuza bunga hataki kunikopesha kwa bei ya zamani: "Mama, si Rais aliwaongezea?" Ni kweli, Machi 2025 ilitangazwa kwamba mshahara wa wanajeshi na polisi unazidishwa mara mbili, na soko zima lilisikia redio siku ile. Tangu hapo kila anayenidai anaongea nami kwa heshima na kwa haraka.

Saa tisa

Taksi-basi hadi mjini, mstari wa benki, kadi ya mshahara aliyoniachia mume wangu. Hakijaingia kitu. Taksi-basi kurudi.

Saa kumi na moja jioni

Sketi nane za buluu zimebaki, na binti yangu anapinda mapindo. Ana mkono mzuri kuliko wangu, ila hataki kusikia ushonaji. Anataka chuo kikuu, anataka sheria. Nilimuuliza kwa nini sheria. Akasema: "Ma, nimekaa kibandani na Mama Mapasa." Sikuwa na la kuongeza.

Kijana wangu, yeye ameleta mpira uliopasuka nimshonee, anasema ni dharura. Mbele ya kambi wanacheza Mazembe, timu ya mpira ya mji wetu, dhidi ya dunia nzima.

Saa moja usiku

Umeme hakuna. Napiga pasi ya makala. Kabla ya kugusa shati jeupe unaitoa nje, unaipepea mpaka majivu yote yaruke, unaijaribu kwanza kwenye kitambaa cha zamani. Cheche moja, umelipa shati la watu. Kazi hii siwezi kumwachia mtoto, na siwezi kuifanya huku nawaza mambo mengine, ndiyo maana naipenda.

Saa tatu usiku

Jirani wa mlango wa tatu ana betri ya sola, kwa hiyo taarifa ya habari ya taifa tunaitazama kwake. Inasomwa saa mbili za Kinshasa, kwetu ni saa tatu. Katanga kwetu na Kivu kwake tuko kwenye majira yaleyale, na hilo linanifariji bila sababu ya maana: nikisema saa tatu, kwake pia ni saa tatu.

Wake wa kambi hatutazami habari kama watu wengine. Neno "Kivu" likitajwa, kijiko kinasimama. Mwenye nyumba huyu, Januari 2025 mji wa Goma, huko Kivu, ulipochukuliwa na waasi wa M23, alikaa majuma bila kujua kama ana mume. Simu ilikuwa inasema haipatikani, yule mwanamke wa mashine, na yeye akawa anampigia tu yule mwanamke. Kisha sauti ikaja kutoka namba ngeni: yuko hai, amenyang'anywa hata saa ya mkononi, yuko ndani ya kambi ya MONUSCO, askari wa amani wa Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzake wengi. Walikaa humo mpaka mwisho wa Aprili, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulipoanza kuwasindikiza kuelekea Kinshasa. Sasa mume yuko Kinshasa, mke yuko Lubumbashi, na kila taarifa ikiisha anauliza chumba kizima bei ya tikiti ya ndege, kana kwamba imebadilika tangu jana.

Leo Kivu imetajwa kwa sentensi mbili. Hakuna jina la mahali ninapolijua. Vijiko vikaendelea.

Saa nne kasoro

Simu inalia. Ni yeye.

Sisi hatuongei vita. Aliniuliza habari za kodi ya kibanda, akauliza kama mtoto wa mwisho bado anakohoa, nikamwambia mshahara haujaingia, akanyamaza kidogo, akasema utaingia. Nikamwambia kuhusu faili la Mama Mapasa. Marehemu alikuwa rafiki yake. Akasema atatafuta huko mwenzao mmoja aliyekuwepo kwenye harusi, awe shahidi wa pili. Hilo sikulitegemea.

Halafu kijana akaninyang'anya simu. Baba mtu ni wa Lupopo, timu pinzani ya mjini hapa, tangu utotoni, mwana ni wa Mazembe, na nyumba hii haina amani kwa sababu hiyo tu. Nilisikia upande mmoja wa mazungumzo:

"Papa, mlifungwa. Mlifungwa, Papa! Hapana, ile haikuwa penalti. Ulisikia kwenye redio tu, mimi nilikuwa uwanjani Kamalondo!"

Mtandao ukakatika katikati ya penalti. Kijana anaapa baba amekata makusudi. Binti anamwambia alale, naye anataka mwanga wa simu amalizie pindo la mwisho. Nimempa, maana wateja wa sketi wanakuja saa moja asubuhi, na kabla ya hapo kuna maji ya kuteka.