Nilivyoirudishia pumzi piano inayojipiga

Piano hiyo ya miaka ya 1920 niliipata bure hapa Columbus, Ohio, kwa jirani aliyekuwa akihama, kwa sharti kwamba niiondoe mwenyewe, na ilitulazimu watu watano kuiingiza gerejini kwangu. Haikuwa na umeme wowote. Mpigaji hukanyaga makanyagio mawili, mivukuto ikafyonza hewa kutoka ndani, huku gombo la karatasi lenye matundu likipita juu ya ubao wa shaba wenye vitundu 88, kimoja kwa kila noti. Tundu la karatasi likikutana na kitundu cha shaba, hewa ya nje huingia kwenye mrija na kuinua kijingozi chembamba, vali ikafunguka, na kimvukuto cha noti hiyo hujikunja kikaisukuma nyundo. Kwa hiyo maradhi yake makubwa ni kuvuja.

Kitambaa cha vimvukuto, ambacho ni pamba iliyopakwa mpira, kilikuwa kimekauka kiasi kwamba nilipokikunja kidoleni kilikatika kama chapati ya juzi. Nilitia namba kila mrija kabla ya kuung'oa, kisha, kwa haraka zangu, nikabandika vitambaa vipya kumi na viwili kwa gundi nyeupe ya maseremala. Vitatu nilivipinda, na nilipojaribu kuvibandua vikaondoka na vibanzi vya mbao. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi, yaani ile inayochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa joto na maji, hata fundi wa baadaye akaweza kufungua bila kuharibu. Niliipasha hadi nyuzi 60 hivi, nikiweka kopo lake ndani ya sufuria ya maji ya moto. "Baba Neema, nyumba nzima inanuka kwato!" mke wangu alilalamika, naye hakukosea.

Kila kimvukuto nilikibana, nikaziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha nikahesabu hadi kumi. Kilichoanza kufumbuka kabla ya hapo nilikirudia.

Siku ya kwanza ya kuweka gombo, noti moja ilikwama ikawa haiachii. Nilifungua tena sanduku lote, nikakuta tone la gundi yangu mwenyewe limeziba kijitundu kinachotoa hewa chini ya kile kijingozi. Nililitoa kwa sindano ya kushonea.