Supachaja kwenye injini ya gari langu
Hatimaye supachaja, kifaa kinachoshindilia hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu, imefungwa kwenye injini ya gari langu. Tofauti na tabo, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo lakini huzungushwa na moshi wa ekzosi, hii huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), hivyo nguvu huitikia mara tu ninapokanyaga mafuta. Kuifunga kulikuwa kazi nyepesi. Kazi kubwa ilikuwa joto, kwa sababu hewa ikishindiliwa hupata moto, na moto ukizidi petroli hulipuka kabla ya wakati wake na huweza kutoboa pistoni, ndiyo maana niliongeza kifaa cha kupoza hewa inayoingia kwenye injini na nozeli kubwa zaidi za kunyunyizia petroli, kisha kompyuta ya injini ikapangwa upya. Shinikizo la ziada la hewa nililiacha kwenye baa 0.4, ingawa fundi (kijana mwenye haraka) alitamani zaidi.