Nilivyopata leseni ya ukandarasi baada ya kukataliwa

Barua ya kuninyima leseni ya ukandarasi, kutoka kwa bodi inayosajili wakandarasi, ilikuwa ndefu, lakini sababu yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu: uzoefu haujathibitishwa. Wenzangu wa saiti wakanihimiza nikate rufaa mara moja. Nikasita. Kwa kawaida rufaa hupima faili lile lile, kuona kama bodi ilikosea kwa kile kilichokuwa mbele yake, na mimi nilikuwa na vielelezo ambavyo bodi haijawahi kuviona. Nikaamua kuomba upya. Kwanza niliuliza, kwa maandishi, kama kuna muda wa kusubiri na kama ada inalipwa tena. Yote mawili yalikuwepo.

Jasho lilinitoka kwenye barua za mabosi wangu wa zamani, za kuthibitisha uzoefu wangu. Mmoja alikuwa ameandika kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu. Sifa nzuri hizo kwa mtu anayekwenda kuposa! Nikamrudia na mikataba, vocha za malipo na picha za saiti, tukakaa tukakumbushana. Barua mpya ikataja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jengo la ghorofa tatu, na shughuli zangu moja moja: kusoma ramani, kuagiza vifaa, kukagua nondo kabla zege halijamwagwa, kuwapangia mafundi kazi. Bodi haina shida na ujuzi wako wa kupandisha ukuta. Inataka kujua kama umewahi kuwaongoza wanaoupandisha.

Fomu pia huuliza kama umewahi kukataliwa. Kuna aliyenishauri nijibu hapana, au niombe kwa jina la ndugu yangu. Kumbukumbu si wanazo wenyewe? Nikajibu ndiyo, nikaambatanisha barua yao pamoja na karatasi moja inayoonyesha kila hoja yao inajibiwa na kielelezo gani.

Wakati nasubiri nilifanya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni. Ningesaini mkataba kwa jina langu, faini ingenihusu, na sehemu nyingi mteja akigoma kulipa, asiye na leseni hana pa kudai.

Leseni ikatoka, ila ya daraja la chini ya lile nililoomba, lenye kikomo cha thamani ya mradi. Nimeipokea hivyo hivyo. Kupanda daraja kutahitaji vyeti vya kukamilisha kazi, kwa hiyo siku hizi navidai kabla sijafungasha vifaa.