Siku ya kufungua nailoni

Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimgusia michungwa hanyamazi. Wiki tatu hivi kabla ya siku hiyo tulibebesha miche pamoja, yaani kupachika jicho (kichipukizi) la mchungwa kwenye shina la mti mwingine. Mashina yalikuwa ya mlimau mkali, unene wa penseli. Alikuwa akichana gome kwa umbo la T, kama sentimita 20 juu ya udongo, halafu analifunua kwa ncha ya kisu. Gome likigoma kuachia, mche ule anauruka, hana habari nao. Macho hayo ya mchungwa aliyatoa kwenye matawi ya mviringo yaliyokomaa. Yale machanga yenye pembepembe aliyatupa. Kila jani alilikata akabakiza kikonyo, akakishika hicho wakati wa kuchomeka jicho, kisha akafunga kwa utepe wa nailoni.

Siku ya kufungua nilitangulia kitaluni, wembe mkononi.

“Usifungue kwanza, mpwa wangu. Gusa kikonyo.”

Nikakigusa kwa kidole. Kikadondoka.

“Huo umeshika. Fungua uone.”

Nikakata utepe upande wa nyuma. Jicho lilikuwa la kijani, limenona, kingo zake zimeungana na shina. Mche uliofuata kikonyo kilikuwa kimekauka na kung'ang'ania palepale. Ndani, jicho jeusi. Nilidhani mambo yangekuwa kinyume chake, lakini ukifikiri ni haki: jicho lililo hai ndilo lenye nguvu ya kukiachia kikonyo, lililokufa hukauka nacho.

Tukaenda hivyo mstari mzima, yeye anatabiri, mimi nafungua. Mmoja tu ulimshinda: kikonyo hakikudondoka, na jicho bado bichi. Akautazama, akakuna kidevu. “Ufunge tena.”

Iliyoshika hakuikata shina. Aliikunja sehemu ya juu ya jicho hadi ikalala, majani yake yaendelee kulisha mizizi mpaka chipukizi lijitegemee. Wengine hukata moja kwa moja, na miche yao hupona pia, ila mimi hadi leo nakunja.

Iliyokufa hatukuing'oa. Mche wa mbegu ungechukua miaka mingi kuzaa, tena na miiba isiyo na adabu, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukata tamaa haraka. Gome lilikuwa bado linaachia vizuri. Mjomba akaigeuza upande wa pili, akanipa kisu.

“Sasa chana wewe.”